Mchezaji akishitakiwa kumpiga bibi yake: ligi zinaamua namna gani?

Mchezaji maarufu anashitakiwa kwamba amempiga bibi yake. Polisi wameanza uchunguzi, na tribinali itachukua miezi mingi, pengine mwaka mzima. Lakini Jumapili kuna mechi. Je, acheze ao asicheze? Nani anaamua? Na anayeamua anatumia kipimo gani?

Swali hili si la Wamarekani na Waingereza peke yao. Vijana wetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira na Kindu wanafuata NBA na shampiona za Ulaya kila juma. Wanavaa jezi zenye majina ya wachezaji mgongoni. Wanapoona mtu aliyepiga mwanamke anarudi uwanjani na kushangiliwa, kuna jambo wanalojifunza. Wanapoona mtu anafukuzwa bila kusikilizwa, wanajifunza jambo lingine. Kwa hiyo ni vizuri tuangalie kwa utulivu namna ligi kubwa zilivyofanya mbele ya mashtaka ya namna hii: wapi zilianguka, wapi zilijirekebisha, na wapi bado kuna shimo.

Mechi mbili tu

Kesi iliyobadilisha mambo ilitokea Marekani, katika NFL, ligi ya ule mpira wa Kimarekani unaobebwa kwa mikono. Tarehe 15 mwezi wa pili 2014, Ray Rice, mchezaji mkubwa wa ekipe ya Baltimore Ravens, alimpiga ngumi mchumba wake ndani ya lifti ya kasino moja katika mji wa Atlantic City. Mwanamke alipoteza fahamu. Siku chache baadaye video ya kwanza ilitoka. Ilionyesha Rice akimvuta mwanamke huyo nje ya lifti, akiwa amelala kama mzigo. Yaliyotokea ndani ya lifti hayakuonekana bado, lakini hakuna aliyehitaji akili nyingi ili kuelewa.

Mwezi wa tatu Rice alifunguliwa mashtaka, na siku iliyofuata wawili hao walifunga ndoa. Mwezi wa tano tribinali ilikubali aingie katika programu ya kurekebishwa badala ya kuhukumiwa. Katika mwezi huohuo wawili hao waliketi pamoja mbele ya waandishi wa habari, na mwanamke alisema anajuta sana sehemu yake katika yaliyotokea usiku ule. Hata aliyepigwa mpaka kuzimia alisema anajuta.

Tarehe 24 mwezi wa saba, kamishna mkuu wa NFL, Roger Goodell, alitoa azabu: mechi mbili bila mshahara, na faini. Kwa jumla Rice alipoteza zaidi ya dola 500 000. Kwetu ni mali isiyohesabika, lakini kwake ilikuwa sehemu ndogo ya mshahara wa mwaka. Katika siku zilezile mchezaji mwingine wa ligi hiyo, Josh Gordon, alisimamishwa mechi 16, yaani msimu mzima, juu ya kuvunja sheria ya dawa za kulevya, ambayo kwake ilihusu bangi. Azabu hiyo ilikuja kupunguzwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kufanya hesabu: bangi mechi 16, mwanamke aliyezimia mechi 2.

Kelele zilikuwa nyingi. Mwisho wa mwezi wa nane Goodell aliandikia wenye ekipe barua akikubali kwamba uamuzi wake haukuwa sawa. Alitangaza kipimo kipya: mechi sita bila mshahara kwa kosa la kwanza la jeuri ya nyumbani, na kufukuzwa maisha kwa kosa la pili, na ruhusa ya kuomba kurudi kiisha mwaka mmoja.

Halafu tarehe 8 mwezi wa tisa ikatoka video ya pili, ile ya ndani ya lifti. Sasa dunia yote iliona ngumi yenyewe. Siku hiyohiyo Ravens ilimfukuza Rice, na ligi ikamsimamisha bila kuweka mwisho.

Tusimame kidogo hapa. Kati ya mwezi wa saba na mwezi wa tisa kitendo cha Rice hakikubadilika. Ngumi ilikuwa ileile na mwanamke alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba watu wote waliona. Ligi haikuazibu kitendo. Iliazibu picha ya kitendo.

Mwezi wa kumi na moja jaji mstaafu Barbara Jones, aliyesikiliza rufaa ya Rice, aliondoa azabu ile ya pili. Alisema Rice hakumdanganya kamishna kuhusu yaliyotokea, na kwa hiyo ligi haikuwa na haki ya kumwazibu mara mbili kwa jambo moja. Hata hivyo hakuna ekipe iliyomchukua tena. Ripoti ya Robert Mueller, aliyekuwa mkuu wa polisi ya upelelezi ya FBI, ilitoka mwezi wa kwanza 2015. Haikupata ushahidi kwamba ligi iliona video ya ndani mbele ya siku ile, lakini ilisema ligi ilikuwa na habari za kutosha za kuifanya ichunguze zaidi, na haikuchunguza.

Kwa nini ilianguka?

Ligi yenye mali, avoka wengi na wapelelezi wake yenyewe inaweza kuanguka namna gani katika jambo lililo wazi hivi? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza, hakukuwa na kipimo kilichoandikwa. Kwa dawa za kulevya sheria ilikuwa wazi: ukikamatwa mara hii, unapata azabu hii. Kwa jeuri ya nyumbani kila kitu kilitegemea mapenzi ya mtu mmoja. Na mtu akipima bila mizani, mkono wake unaelemea upande wa yule anayemjua.

Ya pili, ligi iliwasikiliza wawili hao pamoja. Mwezi wa sita 2014 Rice na bibi yake waliitwa katika ofisi ya kamishna, wakakaa katika chumba kimoja pamoja na wakubwa wa ekipe. Mwanamke angesema nini? Mume yuko pembeni, watu wanaomlipa mume wako mbele yake, na chakula cha nyumba kinategemea jibu lake. Watu wanaosaidia wanawake waliopigwa wamesema kwa miaka mingi kwamba aliyepigwa asihojiwe mbele ya aliyempiga. Ligi haikuwauliza.

Ya tatu, ligi ilikuwa na faida katika kesi. Mchezaji nyota anauza tiketi, anauza jezi na anavuta televisheni. Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Anayekula kwa jasho la mshitakiwa ni vigumu awe mwamuzi wake.

Sheria zinaandikwa

Kiisha aibu ile mambo yalianza kwenda upesi. Mwezi wa kumi na mbili 2014 NFL ilitoa sheria mpya ya mwenendo. Mwezi wa nane 2015 ligi ya besiboli ya Marekani, MLB, ilipatana na sendika ya wachezaji juu ya sheria moja kuhusu jeuri ya nyumbani, jeuri ya kingono na kutesa watoto. NBA nayo iliweka sheria ya namna hiyo katika mapatano yake na sendika yaliyoanza 2017.

Ile ya besiboli inafaa kuangaliwa zaidi, kwa sababu iliandikwa na pande mbili. Ina mambo manne makubwa. Kamishna anaweza kumweka mchezaji pembeni mpaka siku saba wakati uchunguzi unaendelea, na mshahara unaendelea kulipwa, kwa maana bado si azabu. Anaweza kutoa azabu hata kama tribinali haikuhukumu. Mchezaji ana haki ya kukata rufaa mbele ya mwamuzi wa nje. Na kuna baraza lenye wataalamu linalopanga matibabu na mafundisho, pamoja na msaada wa siri kwa jamaa za wachezaji. Mafundisho hutolewa kwa Kiingereza na Kispania, kwa kuwa wachezaji wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela na Kuba.

Jambo la pili ndilo linalobishaniwa zaidi: kumwazibu mtu ambaye tribinali haikumhukumu. Je, ni haki? Jibu ni kuelewa kwamba tribinali na ligi hazifanyi kazi moja. Tribinali inaweza kumnyima mtu uhuru wake kwa miaka mingi, kwa hiyo inadai ushahidi usioacha shaka. Ligi inaamua tu kama mtu ataendelea kuvaa jezi yake, kulipwa na kushangiliwa kwa jina lake. Mwalimu anaweza kuondolewa shuleni bila kupelekwa gerezani. Mwenye kutunza sanduku la chama cha akiba anaweza kunyang'anywa ufunguo mbele jaji hajasema neno.

Mtu wa kwanza kuazibiwa kwa sheria ya besiboli alikuwa Aroldis Chapman, mrushaji mwenye kasi ya ajabu. Alishitakiwa kwamba mwaka 2015 alimkaba mpenzi wake shingoni, halafu akapiga risasi nane ndani ya gereji ya nyumba yake. Yeye alikana kumuumiza mwanamke huyo, lakini alikubali kwamba kutumia bunduki namna ile kulikuwa kosa. Waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi. Hata hivyo mwezi wa tatu 2016 ligi ilimsimamisha mechi 30 bila mshahara. Miaka miwili mbele ya hapo asingepata kitu.

Lakini angalia upande wa pili wa habari hiyo. Mashtaka yalipojulikana, ekipe moja iliyokuwa karibu kumnunua ilirudi nyuma. New York Yankees ikamchukua kwa bei iliyoshuka juu ya mashtaka hayo. Alipomaliza azabu yake alicheza, akauzwa kwa Chicago Cubs, na mwaka uleule wa 2016 akasaidia ekipe hiyo kuchukua kombe ililokuwa imelisubiri kwa miaka 108. Kwa ligi mashtaka yalikuwa mechi 30. Kwa soko yalikuwa kupunguziwa bei.

Shahidi anaponyamaza

Ukisoma kesi hizi moja baada ya nyingine, unaona jambo moja linarudi: kesi ya tribinali inavunjika kwa sababu mwanamke haendelei nayo.

José Reyes wa besiboli alikamatwa 2015 kwa mashtaka ya kumpiga bibi yake. Kesi ilifungwa kwa sababu bibi hakutaka kushirikiana na waendesha mashtaka. Ligi ilimpa mechi 51. Greg Hardy wa NFL alipatikana na kosa mbele ya jaji mwaka 2014 kwa kumpiga mwanamke aliyekuwa mpenzi wake. Alikata rufaa ili ahukumiwe na jopo la raia, na siku ya kesi ilipofika mwanamke hakuonekana, mashtaka yakaanguka. Wakati wa kungojea, Hardy alikuwa amelipwa karibu dola milioni 13 kwa msimu ambao alicheza mechi moja. Ligi ilimpa mechi 10, mwamuzi wa rufaa akazipunguza kuwa 4, na Dallas Cowboys ilimpa nafasi. Mwisho wa 2015 picha za majeraha ya mwanamke yule zilitoka. Msimu ulipokwisha ekipe haikumrudisha. Mara nyingine tena, picha ndiyo iliyofanya kazi.

Watu wengi husikia kwamba mwanamke ameondoa mashtaka na kusema: basi alikuwa anadanganya. Pengine. Kuna mashtaka ya uongo, na mtu mwenye haki hawezi kusema hayapo. Lakini fikiri kwanza juu ya hali ya mwanamke mwenyewe. Mume akisimamishwa bila mshahara, nyumba yote inakosa mshahara. Akifukuzwa, watoto wanakosa shule. Jamaa za mume wanasema yeye ndiye aliyemharibia mtoto wao maisha. Mashabiki wanamtukana kwa jina. Na usiku anarudi kulala katika nyumba ileile. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo zinazoumia. Hapa mwanamke ni nyasi hata wakati sheria inapigana upande wake.

Kwa hiyo ligi inayongojea mwanamke abebe kesi mpaka mwisho imechagua kutoona. Na ligi inayokata mshahara bila kufikiri nani atakula, inamfundisha mwanamke anayefuata kunyamaza. Sheria nzuri inachunguza bila kumfanya yeye kuwa mzigo wote wa ushahidi: inatafuta video, ripoti za polisi, karatasi za hospitali, majirani na ujumbe wa simu. Tena inampa mtu wa kumsikiliza ambaye halipwi na ekipe.

Hata kukiwa na sheria, kufumba macho kunawezekana. Mwezi wa kumi na moja 2018 video ilionyesha Kareem Hunt, aliyekuwa akichezea Kansas City Chiefs, akimsukuma na kumpiga teke mwanamke katika hoteli. Tukio lilikuwa la mwezi wa pili mwaka ule. Ligi ilikuwa na habari, lakini haikuwa imepata video. Ilipotoka, Chiefs ilimfukuza siku hiyohiyo. Ligi ilimpa mechi 8, na ekipe nyingine ilimchukua. Miaka minne kiisha Ray Rice, njia ilikuwa ileile.

Ulaya na Afrika: klabu ndiyo jaji

Katika mpira wa miguu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi kila klabu inaachiwa kuamua peke yake juu ya mchezaji wake.

Wengi wetu tunakumbuka jambo la Mason Greenwood wa Manchester United. Alikamatwa mwezi wa kwanza 2022 kiisha picha na sauti kutolewa kwenye intaneti, na klabu ikamweka pembeni. Baadaye alishitakiwa kwa kujaribu kubaka, kupiga na kumtawala mwenzake kwa vitisho. Yeye alikana yote. Mwezi wa pili 2023 waendesha mashtaka waliacha kesi, wakisema mashahidi wakubwa wamejiondoa na kwamba habari mpya zimepatikana. Klabu ikafanya uchunguzi wake yenyewe kwa karibu miezi sita. Ilisema imeona kwamba hakutenda makosa aliyoshitakiwa, lakini ikatangaza kwamba ataendelea na kazi yake mahali pengine. Akaenda Getafe ya Hispania, na mwaka 2024 Marseille ya Ufaransa ikamnunua.

Hatusimami hapa kuwa jaji wa kijana huyo. Tribinali haikumhukumu, na ni lazima tuseme hivyo wazi. Tunauliza juu ya njia. Klabu ilikuwa mwajiri wake, mwenye mali yenye thamani ya mamilioni, mchunguzi na jaji kwa wakati mmoja. Uamuzi wake haukumridhisha mtu: wanaomwamini walisema kama hana kosa kwa nini aondoke, na wasiomwamini walisema kama aliondolewa kwa nini auzwe kwa wengine. Kama watu wa nje wangechunguza, kwa kipimo kilichojulikana mbele, pengine pande zote mbili zingepata angalau jibu moja.

Hata hapa Afrika tumeona. Thembinkosi Lorch wa Orlando Pirates, ekipe inayojulikana sana na mashabiki wa TP Mazembe, alipatikana na kosa katikati ya 2023 mbele ya tribinali ya Afrika Kusini kwa kumpiga aliyekuwa mpenzi wake. Huyu si mtu wa kusema hakuhukumiwa. Pirates ilimsimamisha. Mwanzoni mwa 2024 alihamia Mamelodi Sundowns, ekipe tajiri kuliko zote za nchi ile. Mahali ambapo hakuna sheria ya ligi nzima, mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguliwa, na klabu iliyofunga inabaki na hasara peke yake.

Haki ya anayeshitakiwa

Kama mtu anasomea habari hii ili apate fimbo ya kuwapiga wanaume wote, amekosa njia. Mshitakiwa naye ana jina, mama na watoto.

Ligi ya ragbi ya Australia, NRL, ilijaribu njia inayofaa kufikiriwa. Mwaka 2019 iliweka sheria kwamba mchezaji aliyeshitakiwa polisi kwa kosa kubwa, lile linaloweza kuleta kifungo cha miaka 11 ao zaidi, anasimama pembeni bila kuhesabiwa kuwa na kosa. Anaendelea kulipwa na kufanya mazoezi, lakini hachezi mpaka kesi iishe. Kwa makosa madogo kuliko hayo, hasa yanayohusu wanawake na watoto, mkuu wa ligi anaweza kuamua vilevile.

Jack de Belin, aliyeshitakiwa kwa jeuri ya kingono na kukana, alipeleka ligi tribinalini juu ya sheria hiyo, akashindwa. Alikaa nje zaidi ya misimu miwili. Majopo mawili ya raia hayakupatana, na mwaka 2021 mashtaka yaliondolewa. Alirudi kucheza. Je, alipoteza? Ndiyo. Miaka ya mchezaji ni michache, na hakuna anayeirudisha. Lakini hakupoteza mshahara wake, ligi haikumwita mwenye kosa, na kesi ilikwenda bila kelele za uwanja kila juma. Sheria ile haikuondoa uchungu. Iliugawanya kwa namna ambayo kila upande ungeweza kuubeba.

NFL nayo ilijifunza kidogo. Tangu mapatano ya 2020, uamuzi wa kwanza unatolewa na jaji anayechaguliwa pamoja na ligi na sendika, ingawa rufaa bado inarudi kwa kamishna ao kwa mtu aliyechaguliwa naye. NBA, katika kesi ya Miles Bridges wa Charlotte Hornets, aliyekubali kwamba hapingi shitaka la jeuri ya nyumbani mwaka 2022, ilitoa mechi 30. Lakini ilimhesabia 20 kama zimekwisha kutumika, kwa sababu alikuwa amekosa msimu mzima bila ekipe. Wengine waliona ni haki, wengine waliona ni zawadi. Angalau hesabu iliwekwa wazi na kila mtu aliweza kuibishania.

Tusisahau pia kwamba wanaopigwa si mabibi wa wachezaji tu. Wako wachezaji wenyewe. Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi wa kumi 2021, mwezi mmoja kiisha kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao. Mume wake alishitakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mpenzi wake huko magharibi mwa Kenya, akafa mwezi wa tisa 2024. Mashirikisho yanayohesabu kila sekunde ya mkimbiaji yanapaswa kujua pia anaporudi nyumbani analala salama ao hapana.

Na sisi tunafanya nini?

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walioolewa ao waliowahi kuolewa walikuwa wamepata jeuri ya mume, iwe ya mwili, ya maneno ao ya kingono. Hesabu hiyo haikukoma kwenye mlango wa kanisa. Na sisi tuna nyota wetu: mwimbishaji anayejaza kanisa, shemasi anayetoa mchango mkubwa, mzee anayeheshimiwa na mtaa mzima, golikipa wa ekipe ya vijana wa parokia. Siku bibi yake anapokuja na jicho lililovimba, tunafanya kama NFL ya 2014. Tunawaita wawili pamoja mbele ya baraza. Tunamwuliza mwanamke alisema nini mpaka mume akakasirika. Tunaomba, tunawashikisha mikono, na Jumapili mwimbishaji anasimama mbele kama kawaida. Wengine wanasema nguo chafu zifuliwe ndani ya nyumba. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ligi zilijifunza kwa aibu mambo ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila kungoja aibu.

Kwanza, kuandika kipimo mbele ya kesi. Sheria inayotungwa wakati mshitakiwa amekwisha kujulikana itakuwa na sura yake. Baraza la parokia, kwaya na ekipe ya vijana waandike sasa, katika ukurasa mmoja: mtu mwenye kazi ya mbele akishitakiwa kwa jeuri ya nyumbani, kinafanyika nini siku ya kwanza?

Pili, kumweka mtu pembeni bila kumhukumu. Kusimama pembeni kwa muda si kutengwa na ushirika wala kuitwa mwenye kosa. Lisemwe hivyo mbele ya watu wote, ili jina lake lisiharibiwe.

Tatu, kusikiliza mwanamke peke yake, na wanawake wawepo kati ya wanaosikiliza. Asipewe kazi ya kupatanisha nyumba yake siku ileile aliyopigwa. Kwanza alale salama, yeye na watoto, na apate munganga na chakula.

Nne, wanaochunguza wasiwe watu wanaofaidika. Si ndugu wa mshitakiwa wala mtu anayekula mezani pake. Parokia jirani inaweza kusaidia.

Tano, kutosimama kati ya mwanamke na sheria ya nchi. Kupiga na kujeruhi mtu ni kosa katika sheria ya Kongo, na tangu Kanuni ya Jamaa ilipogeuzwa mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mume wake ili kwenda tribinalini. Tunajua kwamba mahali pengi pa mashariki leo vita imefunga tribinali ao imewaondoa majaji. Hiyo inaongeza kazi yetu ya kutunza ushahidi: karatasi ya munganga, tarehe, majina ya walioona, ili siku haki itakapopata mlango isikute mikono mitupu.

Na kurudi? Mtu aliyepiga anaweza kubadilika, na jamii isiyoamini hivyo haina la kumwambia. Lakini kubadilika si kumaliza hesabu ya mechi. Chapman alimaliza mechi zake 30, akanyanyua kombe mwaka uleule, na hakuna aliyeuliza kama nyumba yake ilikuwa salama. Kipimo cha kurudi kiwe ni hali ya yule aliyepigwa: je, ana amani, anaweza kusema bila kuogopa, watoto wanalala? Swali hilo waulizwe yeye na majirani, kiisha miezi, si kiisha Jumapili mbili.